Kuruka Chuo Kwenda NBA: Kwame Brown, Thabeet na Swali la Dada wa Arusha

Swali: Kocha, shikamoo. Mdogo wangu ana miaka 17, urefu wake ni mita 2.06, na anacheza kikapu katika timu ya shule yao hapa Arusha. Amejitokeza mtu anayejiita wakala, naye anasema chuo cha Marekani ni kupoteza miaka bure, kwa kuwa Kevin Garnett, Kobe Bryant na LeBron James waliingia NBA moja kwa moja kutoka sekondari. Mimi nimesoma habari za Kwame Brown, aliyeruka chuo akachekwa kwa kufeli NBA, na Thabeet wetu sote tunamjua. Je, ni kweli kwamba wanaoruka chuo ndio wanaofeli? Au nimkatalie mtu huyu kwa sababu nyingine?

Marahaba, dada. Naomba nianze kwa kurekebisha jambo moja katika swali lako, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu imejificha hapo. Umewaweka Kwame Brown na Hasheem Thabeet katika kapu moja, kama watu wengi wanavyofanya, lakini Thabeet hakuruka chuo. Alikaa Chuo Kikuu cha Connecticut misimu mitatu, chini ya Jim Calhoun, kocha ambaye wakati huo alikuwa tayari ametwaa ubingwa wa taifa mara mbili, na mwaka 2009 timu yao ilifika nusu fainali ya mashindano ya vyuo. Kama chuo ndiyo chanjo ya kufeli, basi Thabeet alichanjwa mara tatu.

Sina maana kwamba chuo hakina faida. Ninachosema ni kwamba tunapomwita mchezaji aliyefeli drafti, yaani ule uchaguzi wa wachezaji wapya wa NBA, mara nyingi tunapima umbali uliopo kati ya namba aliyochaguliwa nayo na yale aliyokuja kuyafanya uwanjani. Namba hiyo hajiwekei mwenyewe. Inawekwa na watu wazima wenye kazi zao na hofu zao, wanaokisia jinsi kijana wa miaka 19 atakavyokuwa akifika miaka 25. Kila mwezi Juni timu huchagua kwa zamu, na zilizofanya vibaya ndizo zinazopewa nafasi kubwa zaidi, kwa bahati nasibu, ya kuchagua mapema. Kwa hiyo kijana anayesubiriwa kwa matarajio makubwa kuliko wenzake wote ndiye anayepelekwa katika klabu iliyovurugika kuliko zote. Hapo tayari kuna mtego, hata kabla hatujauliza alisoma wapi.

Majina aliyokutajia wakala ni ya kweli. Asichokutajia ni waliobaki. Tangu mwaka 1995, Garnett alipochaguliwa wa tano na Minnesota, hadi mwaka 2005, mlango ulipofungwa, vijana 39 walichaguliwa moja kwa moja kutoka sekondari. Watatu kati yao, yaani hao hao aliokutajia, walikuja kuwa wachezaji bora wa msimu wa ligi nzima. Wengine, kama Tracy McGrady, Amar'e Stoudemire na Dwight Howard, walikuwa nyota wakubwa. Lipo pia kundi pana la waliocheza miaka mingi kwa heshima bila makelele, akina Tyson Chandler, Kendrick Perkins na Lou Williams. Halafu wapo waliopotea. Ukiwahesabu kwa haki, kundi lile kwa jumla halikuwa la walioshindwa, na katika hilo wakala hajakudanganya.

Sasa tumtazame Kwame Brown, maana jina lake limegeuzwa tusi na nadhani ameonewa. Mwaka 2001 Washington Wizards walikuwa na nafasi ya kwanza, na aliyesimamia uchaguzi alikuwa Michael Jordan mwenyewe, akiwa kiongozi wa masuala ya mpira katika klabu hiyo. Akamchukua Brown, kijana wa miaka 19 kutoka shule ya Glynn Academy katika mji wa Brunswick, Georgia, ambaye alikuwa ameshakubali kujiunga na Chuo Kikuu cha Florida kabla ya kubadili mawazo. Akawa mwanasekondari wa kwanza katika historia kuchaguliwa namba moja. Miezi michache baadaye Jordan alivaa jezi na kurudi uwanjani, kwa hiyo mtoto yule akajikuta anafanya mazoezi kila siku na mtu aliyemchagua, aliyekuwa na haraka ya kushinda kwa sababu umri ulikuwa unamtupa mkono. Msimu wa kwanza Brown alipata wastani wa pointi 4.5. Alicheza NBA misimu 12 na zaidi ya mechi 600, akiwa na wastani wa pointi 6.6. Mchezaji mwenye takwimu hizo angechaguliwa wa 25, watu wangesema klabu imepata mtu wa kazi. Kwa kuwa alichaguliwa wa kwanza, amekuwa kichekesho kwa zaidi ya miaka ishirini.

Lakini angalia drafti ile ile. Wa tatu alikuwa Pau Gasol, na wa mwisho katika raundi ya kwanza, namba 28, alikuwa Tony Parker. Wote wawili hawakusoma chuo cha Marekani hata siku moja. Walikuja kuwa mabingwa mara kadhaa, na leo majina yao yamo katika Jumba la Umaarufu la kikapu. Gasol alikuwa ametoka timu ya wakubwa ya Barcelona na Parker alikuwa ametoka ligi ya Ufaransa. Kilichowatofautisha na Brown ni kwamba wao walikuwa wameshacheza mechi za maana na watu wazima wenye familia, watu ambao wakikosea wanapoteza mshahara. Brown alikuwa amezoea kucheza na wanafunzi wenzake wa Georgia, ambao wengi wao aliwazidi kimo.

Nikuoneshe jambo ambalo unaweza kulitazama mwenyewe siku mdogo wako akicheza. Subiri mpira ugonge chuma na yeye auchukue juu, kisha usimtazame anavyoruka, mtazame anavyotua. Kijana mrefu aliyezoea kucheza na wafupi hutua na kuushusha mpira hadi usawa wa kiuno, kwa sababu hajawahi kupokonywa. Katika ligi ya wakubwa kuna mchezaji mfupi, mwepesi, anayeishi kwa kungojea kosa hilo. Mkono wake unafika kabla kijana hajanyoosha magoti. Senta, yaani mchezaji mrefu wa chini ya goli, aliyefundwa hutua kwa miguu miwili, viwiko nje, mpira chini ya kidevu, macho tayari yanatafuta wa kumpasia. Hilo haliji kwa kuambiwa. Linakuja kwa kunyang'anywa mara mia mbele ya watu, kisha kocha akakuacha uendelee kucheza badala ya kukurudisha benchi.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo ninayotaka uyashike. Jermaine O'Neal alichaguliwa na Portland mwaka 1996, namba 17, kutoka sekondari. Portland ilikuwa timu nzito yenye wakongwe mbele yake, na kwa misimu minne kijana alikaa benchi. Mwaka 2000 wangeweza kumwacha aende zake, na leo angekuwa kwenye orodha ya walioruka chuo wakafeli. Badala yake akauzwa Indiana, akapewa dakika za kutosha, na kuanzia mwaka 2002 alichaguliwa katika mechi ya nyota wote mara sita mfululizo. Hakurudi shule katikati ya hapo. Alipata dakika za kucheza, basi.

Darko Miličić wa Serbia alipitia upande wa pili wa jambo hilo hilo. Detroit walimchagua wa pili mwaka 2003, mbele ya Carmelo Anthony, Chris Bosh na Dwyane Wade. Detroit walikuwa bora mno kuweza kumvumilia mtoto wa miaka 18, wakatwaa ubingwa mwaka uliofuata, naye akavishwa pete ya ubingwa huku akiwa ameutazama msimu karibu wote akiwa ameketi.

Turudi kwa Thabeet, kwa sababu sisi tuliokesha Dar es Salaam usiku wa kuamkia tarehe 26 Juni 2009 tuna haki ya kulieleza jambo hili vizuri kuliko wanaolifanyia utani mitandaoni. Ilikuwa kama saa nane na nusu za usiku kwetu jina lake lilipotajwa, namba mbili, Memphis Grizzlies. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kufika NBA, kijana aliyeanza kikapu akiwa na miaka kama 15. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa Stephen Curry. Hapo ndipo maneno yalipoanzia, na hayajakoma hadi leo.

Chuoni, katika msimu wake wa mwisho, Thabeet alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 (mipira anayoidaka baada ya mtupo kukosa goli) na mitupo 4.2 aliyoizuia kwa kila mechi. Hizo ni takwimu za kutisha. Lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo aliifanya akiwa amesimama chini ya goli, akiwangojea wanaokuja. Sheria za vyuo zinamruhusu beki kukaa pale atakavyo. Katika NBA, tangu msimu wa 2001–02, beki asiyemkaba mtu kwa karibu haruhusiwi kukaa ndani ya eneo lile zaidi ya sekunde tatu. Zaidi ya hapo, timu za NBA humvuta senta nje kwa makusudi: mtu wake huenda kuweka skrini, yaani kuziba njia ya beki kwa mwili wake, mbali na goli, na ghafla jitu la mita 2.21 linatakiwa lichague, tena mbio, kama limfuate mwenye mpira au lirudi nyuma. Miaka mitatu ya chuo haikumwandaa kwa hilo, kwa sababu chuo kilikuwa kinashinda mechi kwa kumwacha pale pale aliposimama. Chuo nacho kina maslahi yake, na si lazima yafanane na ya mchezaji.

Kulikuwa pia na dalili ambayo kila mpelelezi wa vipaji aliiona. Februari 2009 Connecticut walicheza na Pittsburgh, na senta wa Pittsburgh, DeJuan Blair, mtu wa takriban mita mbili tu, alichukua ribaundi 23 na katika purukushani moja wakashikana mikono, akamrusha Thabeet kwa juu ya bega hadi chini. Tatizo halikuwa ujasiri. Nguvu za nyonga na mapaja kwa mwili mrefu kiasi kile hujengwa kwa miaka, na Thabeet alikuwa ameanza kuzijenga akiwa amechelewa. Memphis walikuwa na Marc Gasol katika nafasi ile ile, na kiangazi hicho hicho wakamleta Zach Randolph. Thabeet alipata dakika 13 kwa mechi, na ilipofika Februari 2010 akapelekwa Dakota Wizards katika ligi ndogo, mchezaji aliyechaguliwa juu kuliko yeyote kuwahi kushushwa huko hadi wakati huo. Baadaye akapita Houston, Portland na Oklahoma City. Mechi 224, wastani wa pointi 2.2, na mwaka 2014 safari yake ya NBA ikaishia hapo. Anthony Bennett wa Canada, aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 2013 baada ya mwaka mmoja wa chuo, alidumu misimu minne katika timu nne.

Kwa hiyo, dada, jibu la swali lako la kwanza ni hapana. Kuruka chuo peke yake hakumfanyi mtu afeli. Hata hivyo kuna hatari moja ambayo walioruka chuo waliibeba na ambayo wakala hupenda kuipita kimya, nayo ni kukosa mlango wa kurudia. Mwaka 1996 kijana mmoja wa South Carolina alitangaza kuingia drafti kutoka sekondari, hakuna timu iliyomchukua, na kwa kanuni za wakati ule akawa amepoteza pia nafasi ya kucheza katika timu ya chuo. Korleone Young alichaguliwa na Detroit mwaka 1998, namba 40, yaani raundi ya pili, ambako mkataba hauna malipo ya uhakika kama wa raundi ya kwanza. Akacheza mechi tatu za NBA maisha yake yote. Rashard Lewis naye alishuka hadi namba 32 mwaka huo huo, akilia mbele ya kamera, lakini Seattle walimpa nafasi na muda, akawa mchezaji wa nyota wote. Namba hizo mbili zinakaribiana sana, na hakuna aliyeweza kuwaahidi siku ile yupi angepita wapi.

Kuhusu mdogo wako, njia anayoizungumzia wakala haipo tena. Kuanzia drafti ya mwaka 2006, mchezaji ni lazima awe anafikisha angalau miaka 19 katika mwaka wa drafti, na waliomaliza sekondari Marekani wanatakiwa pia kusubiri mwaka mmoja baada ya darasa lao kuhitimu. Kijana wa nje ambaye hakusoma huko anaweza kujiandikisha akifikisha miaka 19, na asipofanya hivyo huingizwa moja kwa moja katika mwaka anaotimiza miaka 22. Mtu anayekuuzia njia ya Garnett leo ama hajui kazi anayodai kuifanya, ama anaijua vizuri sana. Mwulize kama ameidhinishwa na chama cha wachezaji wa NBA, maana bila idhini hiyo haruhusiwi kumwakilisha mchezaji kwenye mazungumzo ya mkataba wa ligi hiyo. Akikuomba ada ya kumwingiza kijana katika drafti, mtoe nje kwa adabu.

Zipo njia nyingine, na baadhi zimepitiwa na watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Bismack Biyombo wa Lubumbashi hakusoma chuo cha Marekani. Alikwenda Hispania, akacheza na wakubwa katika klabu ya Fuenlabrada, akachaguliwa wa saba mwaka 2011, na akadumu NBA zaidi ya miaka kumi bila kuwahi kuwa mfungaji, kwa kufanya vizuri ile kazi moja ya kulinda goli. Jonathan Kuminga wa Goma alijiunga na Ignite, timu iliyoanzishwa na ligi ndogo ya NBA kwa ajili ya vijana wasiotaka chuo, akachaguliwa wa saba mwaka 2021 na kuwa bingwa na Golden State mwaka uliofuata. Timu hiyo ilifungwa mwaka 2024, na sababu yake inakuhusu: tangu Julai 2021 wanafunzi wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji. Hoja ya kwamba chuo ni njaa imepungua uzito sana, ingawa mwanafunzi wa kigeni anabanwa na masharti ya viza yake na anahitaji mwanasheria kabla ya kupokea hata senti.

Mfano ulio karibu zaidi na mdogo wako ni Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Kampala. Alipita katika akademia ya NBA iliyoko Senegal, akacheza na wakubwa katika Ligi ya Kikapu ya Afrika, akaiwakilisha nchi yake katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 akiwa na miaka 17, kisha akakaa Chuo Kikuu cha Duke mwaka mmoja na kuchaguliwa wa kumi mwaka 2025. Utaona kwamba alianza na watu wazima, chuo kikafuata. Jinsi NBA itakavyomtumia ni suala la Phoenix, timu aliyokwenda, na la dakika atakazopewa.

Mimi ningemwacha mdogo wako amalize sekondari na alinde matokeo yake, kwa sababu vyuo vya Marekani hukagua vyeti vya sekondari kabla ya kumruhusu mtu kucheza. Asisaini karatasi yoyote wala asipokee viatu au fedha za mtu huyo kwa sasa, maana vitu hivyo vinaweza kumletea maswali baadaye. Badala ya kumtafutia drafti, mtafutie timu ya wakubwa hapo mkoani ambayo itampa dakika 20 za kweli, hata kama kila Jumamosi atarudi nyumbani amechubuka viwiko.

Kisha nitumie video ya mechi nzima, tangu mwanzo hadi mwisho. Vile vipande vya kudanki alivyorekodi wakala sivihitaji. Nataka kumwona robo ya nne, akiwa amechoka na ana faulo nne, mtu mzito anamsukuma chini ya goli, mpira unagonga chuma, anauchukua. Halafu nione anavyotua.